Kupima dawa ya bungua wa mahindi
Pole sana. Unasema umepuliza shamba zima dawa moja, mabua bado yametobolewa na bungua (viwavi wanaochimba ndani ya bua), na sasa unataka kujua kama nyingine ni bora. Jaribu zote mbili msimu mmoja, na uache vipande visivyopuliziwa kabisa. Bila hivyo huna cha kulinganisha. Kila dawa irudiwe kwenye vipande 4 au zaidi, vipangwe kwa kura, maana bungua hawasambai sawasawa shambani.

Ila kabla ya kuilaumu dawa, angalia muda. Kiwavi akishajichimbia ndani ya bua, dawa ya kugusa (inayoua ikimgusa mdudu) haimfikii. Puliza ukielekeza kwenye moyo wa mmea (katikati, majani mapya yanapochipukia) mara uonapo vitundu vidogo kwenye majani machanga, viwavi wakiwa bado wachanga.

Wakati wa kuvuna, pasua mabua 10 hivi ya mistari ya katikati katika kila kipande (ya pembeni hurukiwa na dawa ya jirani), pima kwa rula urefu wa mifereji iliyochimbwa na viwavi, kisha pima uzito wa punje zilizokauka. Majani pekee hudanganya: mengine huraruka vibaya na mmea ukazaa vizuri tu.