Mwezi wa kwanza Ujerumani: karatasi ipi ianze, na uwe na pesa ngapi mkononi

Anayekwenda kusoma Ujerumani kutoka Dar es Salaam au Nairobi huwa amejiandaa vizuri kwa viza, na maandalizi ya wengi huishia hapo. Ugumu huanza ukishatua. Kule kila karatasi inadai karatasi nyingine kwanza, na pesa zako mwenyewe zimekaa nyuma ya foleni hiyo. Ndiyo maana bajeti ya mwezi wa kwanza ipangwe kwa kufuata karatasi, siyo kwa kugawanya matumizi ya mwaka kwa 12.

Tuanze na Sperrkonto, akaunti inayofungiwa pesa kwa ajili ya viza. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka, na unaachiwa 992 kila mwezi. Wengi hutuma kiasi hicho kamili bila kuhesabu makato. Benki za katikati zinakata chao njiani, pesa zinafika pungufu, na cheti cha uthibitisho hakitoki mpaka umalizie. Mwambie karani wa benki utume kwa utaratibu wa OUR, yaani makato yote uyalipe wewe mtumaji, halafu ongeza kidogo juu pamoja na ada ya kampuni inayokufungulia akaunti. La pili: zile 992 hazikusubiri uwanja wa ndege. Zinahitaji akaunti ya kawaida ya kuingilia, na benki nyingi zitakudai cheti cha usajili wa makazi. Cheti hicho nacho hupati bila chumba.

Usajili huo, Anmeldung, sheria inataka uufanye ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Peleka pasipoti, fomu ya usajili, na Wohnungsgeberbestätigung, fomu anayosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi ya fomu hiyo, na watu hurudishwa dirishani kila siku kwa sababu hii moja. Mwenye nyumba akikuambia "kaa tu, ila usijisajili hapa", achana na chumba hicho hata kiwe rahisi namna gani. Bila usajili kila kitu kinachofuata kinakwama. Vivyo hivyo kwa anayetaka amana kabla hujakiona chumba wala kusaini chochote. Miadi ya ofisini katika miji mikubwa ni ya kugombania, kwa hiyo itafute ungali nyumbani. Asubuhi mapema nafasi zilizofutwa hurudi mtandaoni, na Berlin unaweza kwenda Bürgeramt, ofisi ya huduma za wananchi, yoyote ya jiji, si lazima ya mtaa wako.

Siku hiyo hiyo unayopewa funguo, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, lilivyoandikwa kwenye pasipoti. Wageni hulipuuza sana jambo hili, na linawagharimu. Kadi ya benki, namba yake ya siri inayokuja kwa barua ya peke yake, namba ya kodi, kadi ya bima, wito wa ofisi ya wageni: vyote vinakuja kwa posta. Mpeleka barua anatafuta jina. Asipoliona, bahasha inarudi ilikotoka, nawe unaendelea kusubiri kitu kilichokwishafika mlangoni. Ukiwa umepanga kwa mtu, kwenye anwani yako andika c/o, yaani kwa kupitia, na jina lililopo kwenye sanduku.

Bima ya afya haina ujanja: chuo hakikusajili mpaka kampuni ya bima itume taarifa yako kwa njia ya kielektroniki. Aliye chini ya miaka 30 anaingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, karibu euro 150 kwa mwezi. Utakutana na bima binafsi za bei ya chini. Kabla ya kusaini, elewa kwamba ukiomba kuachiliwa kutoka bima ya umma, uamuzi huo haubadilishwi kwa muda wote wa masomo. Kwa aliye chini ya miaka 30, naona ni heri kulipa zaidi.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha kodi baridi 350, yaani bila joto na maji, ambacho kwa jumla ni 430. Amana inaweza kufika kodi baridi tatu, 1,050. Mchango wa muhula unaolipwa chuoni weka 300, bima 150, kibali cha ukaazi 100, chakula na mahitaji madogo 250. Jumla ni euro 2,280, kabla ya senti moja ya Sperrkonto kutoka. Sheria inakuruhusu kulipa amana kwa mafungu matatu ya mwezi kwa mwezi. Ukiitumia haki hiyo, hesabu inashuka hadi 1,580. Kiasi hicho kiwe nje ya Sperrkonto, kwenye kadi inayokubalika nje ya nchi.

Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inatozwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Mnaokaa pamoja mnalipa moja; anayepata barua ya kudaiwa ajibu kwa kutaja namba ya ada ya mwenzake anayelipa. Usiitupe barua hiyo, deni linaendelea kuhesabiwa.

Kazi: tangu Machi 2024 unaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Weka daftari la siku zako mwenyewe.

Kibali cha ukaazi kiombwe kabla viza haijaisha, hata kama miadi ni ya miezi mbele, na utunze uthibitisho wa tarehe uliyoomba. Ndio unaolinda uhalali wako wakati wa kusubiri. Angalia pia pasipoti. Kibali hakitolewi kupita tarehe yake ya mwisho, na kwa Mtanzania au Mkenya upya wake unapitia ubalozini Berlin, kwa hiyo kama imebakiza chini ya miaka miwili, ibadilishe nyumbani kabla ya kuomba viza.