Historia ya Mtanuko Haitoshi: Ushauri kwa Wanaoanza Utafiti wa Nishati Giza

Kila wiki hifadhi za makala za fizikia hupokea modeli mpya za nishati giza, jina tunalokipa kinachousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayoongezeka, na mwanafunzi anayeanza tasnifu yake huona wingi huo kuwa dalili kwamba uwanja bado una nafasi: naye atatunga modeli yake, ataonyesha kwamba inalingana na data za supanova, yaani nyota zinazolipuka, na kazi itakuwa imekamilika. Nimekuwa katika kazi hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa msimamizi, na jambo ninalotamani ningeambiwa tangu mwezi wa kwanza ni kwamba kulingana na historia ya mtanuko wa ulimwengu ndiyo hatua nyepesi kuliko zote. Modeli hupona au hufa kwingine, na anayechelewa kupachunguza huko hupoteza muda ambao hatarudishiwa.

Tuanze na kinachojulikana. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Saul Perlmutter na jingine likiwa la Brian Schmidt na Adam Riess, yalipima mwangaza wa supanova za aina ya Ia na kukuta kwamba zile za mbali zina mwanga hafifu kuliko ilivyotarajiwa, maana yake mtanuko wa ulimwengu unaongezeka kasi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011. Katika milinganyo ya Einstein, kinachoamua kama mtanuko unapungua au unaongezeka kasi ni jumla ya msongamano wa nishati na mara tatu ya kanieneo, kwa hiyo kitu chochote chenye uwiano wa kanieneo kwa msongamano, tunaouita w, ulio chini ya −1/3, kikitawala, kitausukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi. Konstanti ya kosmolojia, yaani nishati isiyobadilika ya nafasi tupu, aliyoiingiza Einstein mwaka 1917, ina w iliyo −1 kamili. Kwa vipimo vya satelaiti ya Planck, nishati giza ni kama asilimia 68 ya nishati yote ya ulimwengu, lakini msongamano wake ni mdogo mno: ukiugeuza kuwa maada, hupati hata protoni nne katika mita moja ya ujazo. Ni udogo huo unaotusumbua, kwa sababu makadirio ya kawaida ya nishati ya ombwe katika nadharia ya kwanta huupita kwa tarakimu zinazokaribia 120.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Wapo wanaoongeza kitu kipya ndani ya ulimwengu, kwa mfano uga wa skala, yaani uga wenye namba moja tu kila mahali, unaoteremka polepole kwenye mteremko wa nishati yake, na wapo wanaoibadili nadharia ya mvutano yenyewe. Mgeni hushawishika kuchagua kwa kuangalia uzuri wa milinganyo. Mimi humshauri aanze na teoremu ya Lovelock ya mwaka 1971, inayosema kwamba ukibaki katika vipimo vinne vya nafasi na wakati, ukatumia metriki (kanuni ya kupimia umbali katika nafasi na wakati) peke yake, na ukataka milinganyo isivuke derivativu za pili, hupati kingine ila milinganyo ya Einstein pamoja na konstanti ya kosmolojia. Teoremu hiyo ni ramani. Kila marekebisho ya mvutano lazima yavunje angalau sharti moja kati ya hayo: modeli ya DGP (herufi za majina ya watunzi wake) ya mwaka 2000 iliongeza kipimo cha tano, nadharia za f(R), ambazo huweka fomula f ya mpindo R mahali pa R yenyewe, zinaruhusu derivativu za juu, nadharia za Horndeski zinaongeza uga wa skala. Mwanafunzi asiyeweza kutaja modeli yake imevunja sharti lipi hajaifahamu modeli hiyo, hata kama ameshachora grafu zake zote.

Sasa nieleze kwa nini ninaiita historia ya mtanuko hatua nyepesi. Nipe mkunjo wowote wa kawaida wa kiwango cha mtanuko dhidi ya wakati, nami naweza kurudi nyuma na kukutafutia mteremko wa nishati wa uga wa skala utakaouzalisha, mradi w isishuke chini ya −1. Naweza pia kukutafutia f(R) itakayouzalisha, tena siyo moja bali familia nzima, kwa sababu swali hilo hugeuka kuwa mlinganyo wa derivativu wenye majawabu mengi. Kwa hiyo makala inayomalizia kwa kusema kwamba modeli inakubaliana na supanova na masafa ya galaksi imetuambia jambo dogo sana. Tofauti hujitokeza unapouliza jinsi mivurugiko midogo ya msongamano inavyokua na kuwa galaksi. Katika nadharia ya Einstein kasi ya ukuaji huo inakaribiana na sehemu ya maada ikipandishwa kwa kipeo cha 0.55, ilhali katika DGP kipeo hicho ni kama 0.68, hata pale mtanuko unapofananishwa. Zaidi ya hapo, metriki ina potenshali mbili, moja inayoongoza mwendo wa galaksi na nyingine ya mpindo wa nafasi, na nuru huhisi jumla yake. Katika nadharia ya Einstein, leo hii, mbili hizo ni sawa. Katika nadharia nyingi za mvutano uliorekebishwa zinatofautiana. Ndiyo maana vipimo vya mwendo wa galaksi na vya kupindishwa kwa nuru, vikiwekwa pamoja, vina nguvu ambayo kimoja peke yake hakina.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, kuna uthabiti, na hapa niliumia mwenyewe. Chukua karatasi uandike f(R) = R − μ⁴/R, ambamo μ ni konstanti, modeli iliyopendekezwa mwaka 2003 na ikasisimua wengi, kwa kuwa R inapopungua kadiri ulimwengu unavyozeeka, neno la pili hukua na kuleta mwongezeko wa kasi bila nishati giza yoyote. Tafuta derivativu ya kwanza: 1 + μ⁴/R². Tafuta ya pili: −2μ⁴/R³. Kwa R iliyo chanya, derivativu ya pili ni hasi, na mwaka huohuo Dolgov na Kawasaki walionyesha maana yake: ndani ya maada ya kawaida, mpindo mdogo wa nafasi hulipuka katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Mstari mmoja wa hesabu ya mkono uliifunga modeli iliyokuwa imeandikiwa kurasa nyingi.

Modeli niliyoitunga mimi katika mwaka wangu wa pili ilikuwa na ugonjwa huohuo, nami niliupima na kusema haupo. Nilikuwa nimenakili sharti la uthabiti kutoka katika makala iliyotumia kanuni ya alama iliyo kinyume na ile ya mahesabu yangu, hivyo mahali nilipotakiwa kudai chanya nilidai hasi. Nilikaa nayo miezi minane. Historia ya mtanuko ilitoka safi kabisa. Nilipofika kwenye mivurugiko, namba katika programu zilivimba mpaka zikakosa maana, nikaamini kosa ni la kompyuta, na kwa wiki tatu nikawa napunguza hatua ya wakati. Kila nilipoipunguza, mlipuko ulikuja mapema zaidi. Hiyo ndiyo dalili ambayo mwanafunzi anapaswa kuitambua mapema: kosa la ukadiriaji hutulia hatua inapokuwa ndogo, lakini ugonjwa wa nadharia huzidi kuonekana, kwa sababu sasa hesabu imeweza kuufuata. Yupo pia mzuka, jina ambalo wanafizikia huupa uga wenye nishati ya mwendo iliyo hasi. Tawi la DGP lililoleta mwongezeko wa kasi bila konstanti lilikutwa na mzuka, na hilo lilipunguza sana hamu ya kuliendeleza.

Modeli ikishavuka uthabiti, itoe nje ya kosmolojia uilete kwenye Mfumo wa Jua, maana mvutano ni uleule huku na kule. Nadharia za f(R) zinaweza kuandikwa upya kama nadharia ya Brans na Dicke, ambamo uga wa skala hushiriki katika mvutano na athari yake hupungua kadiri kigezo ω kinavyokua, yenye ω sawa na sifuri. Chombo cha Cassini kilipokuwa safarini kwenda Zohali, mwaka 2002, mawimbi yake ya redio yalipita karibu na Jua, na kipimo kilichopatikana kinataka ω izidi 40,000. Sifuri dhidi ya elfu arobaini: nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilidhani f(R) imekwisha. Iliyoziokoa baadhi ya nadharia hizo ni mbinu ya kinyonga, iliyoelezwa mwaka 2004 na Justin Khoury na Amanda Weltman, ambaye ni profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Jina linafaa kabisa. Uga huo hubadili uzito wake kulingana na mahali ulipo: penye msongamano mkubwa, kama ndani ya sayari, huwa mzito na nguvu yake haifiki mbali, na katika utupu baina ya galaksi huwa mwepesi na kuenea. Lakini kujisitiri huko kuna gharama zake. Ukihesabu kwa uaminifu masharti ya kinyonga kujificha vya kutosha, mara nyingi unakuta kwamba historia ya mtanuko iliyobaki ni ile ya konstanti ya kosmolojia, karibu bila tofauti. Hesabu hiyo ifanywe mapema, na matokeo yake yaandikwe wazi hata kama yanapunguza mvuto wa modeli.

Tarehe 17 Agosti 2017 ilitupa kipimo kingine. Mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa kama miaka ya nuru milioni 130, yalitufikia, na mionzi ya gama ikafuata baada ya sekunde 1.7 tu. Kasi ya mawimbi hayo na kasi ya nuru, kwa hiyo, hazipishani kwa zaidi ya takribani sehemu moja katika 10¹⁵. Nadharia ambazo Horndeski aliziandika mwaka 1974, zikasahauliwa kwa miongo mingi kisha zikafufuliwa, zilipoteza kwa siku moja matawi yake yaliyobadili kasi hiyo. Uga wa skala wa kawaida na f(R) hazikuguswa, kwa kuwa ndani yake mawimbi husafiri kwa kasi ya nuru. Ukichukua modeli kutoka makala ya kabla ya mwaka huo, hesabu kwanza kasi ya mawimbi.

Jambo linalowavuta wengi leo ni matokeo ya DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, chenye roboti 5,000 zinazoelekeza nyuzi za kupokelea mwanga wa galaksi. Machi 2025, kwa zaidi ya galaksi na kwasa (viini ving'avu vya galaksi za mbali) milioni 14, timu hiyo ilitangaza kwamba data zake pamoja na za mionzi ya masalia ya mikrowevu na za supanova zinapendelea nishati giza inayobadilika, kwa sigma (kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tu) kati ya 2.8 na 4.2 kutegemea mkusanyo wa supanova uliotumika. Ninaona habari hizi kuwa kubwa, na pia ninaona zikisomwa vibaya. Fomula inayotumika, w = w₀ + wₐ(1 − a), ambamo a ni ukubwa wa ulimwengu ukilinganishwa na wa leo, w₀ ni w ya leo na wₐ ni mteremko wake, ni mstari ulionyooka tu; haina fizikia ndani yake. Tuseme w₀ ni −0.75 na wₐ ni −0.9: ulimwengu ulipokuwa nusu ya ukubwa wake wa leo, mstari huo unatoa −1.2, chini ya −1, mpaka ambao uga mmoja wa kawaida hauwezi kuuvuka. Je, nishati giza ilikuwa huko kweli? Huenda data zimepima sehemu ya karibu, na mstari ukarefushwa tu hadi huko. Kabla hujaandika kwamba mpaka umevukwa, lisha modeli halisi ya uga kwenye data zilezile ulinganishe.

Vivyo hivyo kuhusu kile kiitwacho mvutano wa Hubble, yaani kutopatana kwa vipimo vya kasi ya mtanuko wa leo: 67.4 ya Planck dhidi ya 73.0 ya supanova na nyota za Cepheid (nyota zinazobadilika mwangaza, zinazotumika kupimia umbali), zote kwa kilomita kwa sekunde kwa megaparseki. Modeli nyingi zinazodai kuumaliza zimeongeza vigezo, ukingo wa makosa ukapanuka, na namba mbili zikagusana kwa sababu hiyo. Tazama kama namba ya kati imehama.

Jifunze CLASS au CAMB, programu za kukokotoa mtanuko na mivurugiko ya ulimwengu, kwa kurudia grafu za makala moja ya zamani mpaka zifanane na zako, kisha ndipo uingize ya kwako. Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari uandike kwa kalamu: alama za metriki, alama ya tensa ya Riemann (inayoeleza mpindo), tafsiri ya kila potenshali, na vipimo vya kila kigezo. Kila sharti unalonakili kutoka kwa mwingine, lipitishe kwanza kwenye ukurasa huo ulibadili alama zake, uandike pembeni tarehe uliyolibadili. Daftari langu la mwaka wa pili halina ukurasa huo. Lile la mwaka wa tatu linao, na hadi leo huwaonyesha wanafunzi wangu yote mawili siku ya kwanza tunapokutana.