Je, Budha ndiye Nabii Dhul-Kifl?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Nina miaka 22, nasoma chuo hapa Dar es Salaam. Mwaka jana nilifiwa na mdogo wangu. Makaburini nililia, nikakemewa kwamba namwadhibu maiti. Tangu hapo swala imekuwa nzito. Rafiki akanipeleka hekalu la Wabudha, Upanga. Tunakaa kimya tukifuatisha pumzi, moyo unatulia. Anasema Budha ndiye Nabii Dhul-Kifl, kwa hiyo sijatoka katika dini. Mzee mmoja mtaani anasema nimeshakufuru, hata salamu yangu haitikii. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mwanangu, kilichoniuma kwanza si hekalu, ni yale makaburi. Allah amrehemu mdogo wako.

Aliyekukemea amekosea. Mtume (s.a.w.) alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yakamtoka, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo.

Sasa Dhul-Kifl. Maneno haya yameenea na yanawababaisha vijana. Hoja yao ni kwamba Budha alikulia mji wa Kapilavastu, basi "Kifl" ni "Kapil". Tangu lini dini ikajengwa juu ya majina kushabihiana? Kifl ni neno la Kiarabu, lina maana ya fungu na dhamana. Imepokewa kwa Mujahid, mfasiri wa Qur'ani wa zama za mwanzo, kwamba aliitwa hivyo kwa kuwa alimdhaminia nabii wa kaumu yake kufunga mchana, kusimama usiku na kutokasirika. Qur'ani imemtaja mara mbili, katika sura za Al-Anbiyaa na Swaad, wala haikutaja nchi yake. Ash-Shahrastani, mwanachuoni aliyeandika juu ya dini mbalimbali na kufariki mwaka 548 Hijria, aliandika habari za Wabudha akamshabihisha Budha na Khidhr, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, ikiwa wayasemayo ni kweli, hakumpa unabii. Nasi tunajua wapo mitume ambao Allah hakutusimulia, basi aliponyamaza tunanyamaza. Na hata tukijaalia alikuwa nabii, rafiki yako atafaidika nini? Mafundisho yake yalihifadhiwa vifuani karne kadhaa kabla ya kuandikwa Sri Lanka, na yaliyotufikia hayamwiti mtu kumwabudu Muumba. Nabii asiyelingania kwa Mola mmoja hatumjui.

Kukaa kimya na kufuatisha pumzi peke yake si kufuru. Mtume mwenyewe alikuwa akijitenga pangoni Hira. Lakini kuisujudia sanamu, kuiwekea maua, au kutamka kwamba unakimbilia kwa Budha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa wake, hapo umevuka mpaka. Kama yalikutoka, tubia, mlango uko wazi. Na kwa kuwa pale mambo hayo yanakaa pamoja, kimya chako kitafutie mahali pengine. Mzee naye amwogope Allah: amwitaye nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Pengine umeshasimuliwa kisa cha mama aliyembeba mwanawe maiti, akaambiwa na Budha alete punje ya haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akapiga hodi mlango hadi mlango, akarudi mikono mitupu. Kisa kizuri, nami sikukatalii: kila nafsi itaonja mauti. Lakini yule mama alirudi na nini? Kwao huzuni huzaliwa na kushikamana, na dawa yake ni kuachia. Mtume alipomlilia mtoto wa binti yake, sahaba wake Saad bin Ubada alishangaa, akajibiwa: "Hii ni rehema Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake." Hukuambiwa umwachie mdogo wako. Umeambiwa umwombee, na dua yako inamfikia huko aliko.

Usiku ukikosa usingizi, tawadha, swali rakaa mbili, na ukiwa katika sijida mtaje kwa jina lake, kwa Kiswahili chako, ulie ukitaka. Yule mzee mtangulie kwa salamu. Nami nipo msikitini baina ya Magharibi na Isha. Njoo unisimulie alivyokuwa mdogo wako.