Homoni imeshuka hadi 38, niache sindano?

Safu ya mkunga mstaafu: maswali ya wasomaji

Assalaam aleikum Bibi, na shikamoo. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 27, natokea Wete, Pemba, mtoto ninaye mmoja. Nilibeba mimba ya pili, tumbo likakua kupita miezi yake na kutapika hakusemeki. Ultrasaundi ikaonesha hakuna mtoto, ni mimba zabibu. Nikasafishwa, nikaambiwa nipime damu kila wiki kuangalia homoni ya mimba. Ilishuka vizuri mwanzoni, halafu ikasimama, halafu ikapanda. Nikapelekwa Dar, huko nikaambiwa imegeuka saratani na alama zangu ni 3. Hawakunikata nyama wala nini, ni damu na picha tu, nami nimebaki na shaka.

Nachomwa methotrekseti Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Siku za katikati nameza kidonge kinachoitwa foliniki. Kisha napumzika siku sita, naanza tena. Nimemaliza mizunguko mitatu. Homoni ilikuwa 6,200, sasa ni 38. Ami yangu anameza methotrekseti hiyohiyo kwa maradhi ya viungo, naye hana saratani! Mama mkwe ameniletea vidonge vya damu vya kliniki, anasema macho yangu hayana damu. Nauli za boti zimetuelemea, mume anataka nirudi, na mwili nauona mzima. Nikiacha hapa kuna ubaya? Nitazaa tena? Na Ramadhani hiyo inakuja.

Mama wa mmoja, Wete

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako kubwa nalijibu kwanza: usiache.

Hiyo 38 unaiona ndogo kwa sababu umetoka 6,200. Lakini mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe chini ya 5, na wewe hujafika. Hata ukifika, bado. Mashine ya maabara ina kikomo cha kuona. Ikikwambia chini ya 5, mwilini panaweza kuwa pamebaki maelfu ya seli ambazo homoni yake ni ndogo mno kupimika. Ndiyo maana utaratibu ni kuendelea na mizunguko mitatu zaidi, yaani wiki sita, baada ya kipimo kuwa cha kawaida. Najua wiki sita ni ndefu kwa mtu anayelala kwa watu.

Kisa cha hizo wiki sita kina mwenyewe. Mwaka 1956, katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani huko Bethesda, daktari mzaliwa wa China, Min Chiu Li, akiwa na mwenzake Roy Hertz, walianza kuwatibu kwa methotrekseti wanawake wenye koriokasinoma, yaani saratani ya seli za kondo la nyuma, jamii ya hiyo yako. Wakati ule ikishafika mapafuni, mgonjwa alikuwa wa kuagwa. Vivimbe vikayeyuka kwenye picha za kifua, wagonjwa wakala, wakatembea. Wengine wote wakaona kazi imekwisha. Li akaona homoni bado ipo kwenye mkojo, akaendelea kuwachoma wanawake waliokuwa wazima machoni pa watu. Wakubwa zake wakaona anawatia sumu watu waliokwisha pona, na kazi akaipoteza. Muda ukapita, ikadhihirika: wale aliowachoma mpaka homoni ikatoweka walibaki wazima, na walioachishwa mapema maradhi yaliwarudia. Mwaka 1972 yeye na Hertz walipewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utabibu ya Marekani, kwa kazi ileile. Hiyo ndiyo saratani ya kwanza ya uvimbe iliyosambaa mwilini kuponywa kwa dawa peke yake, bila kisu.

Mimi sikukijua kisa hicho nilipokuwa kijana wodini, na ujinga wangu ulimgharimu mtu. Alikuwa mchumaji karafuu, mwembamba, mcheshi. Alirudi kutoka bara katikati ya matibabu, amenawiri, akaniuliza kama wewe. Msimu ulikuwa umefunguka na mikarafuu haingoji. Nikamwambia, "Umepona, nenda kachume." Mwezi wa nne baada ya hapo akaja anakohoa damu. Ilikuwa mapafuni. Safari hiyo sindano moja haikutosha, alitiwa dawa za namna tano kwa zamu, nywele zikapukutika zote. Alipona, alhamdulillahi, na nywele zikaota. Kila nikikutana naye sokoni ananicheka: "Dokta wa karafuu huyo!" Namcheka naye, lakini moyoni panauma mpaka leo.

Sasa la ami yako. Ni dawa hiyohiyo, hukukosea. Tofauti ni kipimo na mwendo. Yeye anameza miligramu chache, mara moja kwa wiki, kuituliza kinga ya mwili inayomtafuna viungo. Kwa utaratibu wako, sindano moja kwa kawaida ni miligramu 50, na unachomwa nne ndani ya siku saba. (Na umkumbushe ami: ni siku moja kwa wiki, si kila siku. Watu wamekufa kwa kosa hilo tu.)

Namna inavyofanya kazi, wewe ni mtoto wa Wete, utanielewa upesi. Chukua gunia la makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, mpelekee mnunuzi gizani. Harufu ya karafuu, mkononi kama karafuu. Atalipokea, na siku akitaka karafuu hana. Methotrekseti ndiyo makonyo yenyewe. Imeundwa ifanane na asidi ya foliki, vitamini iliyomo kwenye maini, kunde na mchicha, ambayo seli haiwezi kujigawa mbili bila yake. Ndani ya seli kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuipokea vitamini hiyo na kuitengeneza itumike. Kikishaishika methotrekseti, hakiiachii. Foliki ya kweli ikija, hakuna mkono wa kuipokea. Seli inakwama katikati ya kujigawa na kufa. Inayojigawa kwa haraka ndiyo inayoumia kwanza, na seli za kondo kwa mbio hazina mpinzani, maana kazi yake ni kujenga nyumba ya mtoto kwa wiki chache.

Lakini ngozi ya ndani ya mdomo nayo ina mbio, na damu pia. Ndiyo sababu ya kidonge cha foliniki. Hicho ni vitamini iliyokwisha tengenezwa, inapita bila kumhitaji yule mpokezi aliyeshikwa. Unakimeza siku inayofuata sindano, dawa ikiwa imekwisha piga, ili seli zako nzima zipate pumzi. Usikiruke hata kimoja.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Foliniki na foliki ni majina yaliyopishana kidogo tu, na nimeona watu wazima wenye miwani wakiyachanganya. Vile vidonge vya damu vya kliniki alivyokuletea mama mkwe ni madini ya chuma pamoja na foliki. Unapotibiwa saratani kwa methotrekseti, kujiongezea foliki ni kuilisha seli tunayoinyima chakula. Mama mkwe mshukuru, mbusu mkono, vidonge viweke kabatini. Ami yako huenda naye anapewa foliki na daktari wake, kwake ni sawa, wewe usiige. Kama damu imepungua, kipimo kitasema, na daktari ndiye atakayeamua.

Kuna nyingine zinazouzwa kama peremende. Septrin: mafua kidogo, tumbo kidogo, mtu anakimbilia Septrin. Nayo inaziba njia ileile ya foliki, na zikikutana mbili hizo uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo zinaizuia figo isiitoe methotrekseti mwilini. Kwa hiyo kichwa kikiuma uliza kwanza, na muuza duka mwambie uko kwenye methotrekseti kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu. Homa ndiyo usiibembeleze kwa Panadol ukalala. Homa kwenye kemo, yaani dawa za saratani kama hii yako, ni hospitali siku hiyohiyo, hata saa nane ya usiku.

Vidonda vya mdomo vikija, sukutua kwa maji ya chumvi. Urojo wenye ndimu na pilipili utausamehe kwa muda, najua hilo ni zito kuliko sindano. Macho yakiwasha kama yametiwa mchanga, au kifua kikichoma ukivuta pumzi, waambie, maana dawa hii inajulikana kwa hayo. Jua linaunguza ngozi zaidi ya kawaida, basi buibui lako limekuwa dawa. Nywele, kwa sindano hii peke yake, kwa kawaida hubaki. Waliokutisha waliona kemo nyingine.

Kunywa maji mengi, kwa sababu njia yake ya kutoka ni figo. Na hapo ndipo jibu la Ramadhani lilipo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa siku nyingine, na msafiri pia. Wewe ni mgonjwa na msafiri, ruhusa umepewa mara mbili, na bado unaniuliza!

Ulishangaa kutokatwa nyama. Saratani hii ni miongoni mwa chache ambazo hazihitaji hivyo. Homoni yenyewe ndiyo shahidi: ikisimama au ikipanda baada ya kusafishwa, na hakuna mimba mpya, jibu limepatikana. Tena uvimbe wake umejaa mishipa ya damu, kuukata ni kuitafuta hatari. Zile alama 3 ni hesabu ya umri wako, kiwango cha homoni, muda uliopita, ukubwa wa uvimbe, mahali ulipofika na mengineyo. Kuanzia 0 hadi 6 ni kundi la hatari ndogo, na katika kundi hilo karibu wote hupona. Wapo ambao methotrekseti hupoteza nguvu katikati, homoni ikagoma kushuka. Hao hubadilishiwa dawa, nao hupona. Kwa hiyo ukiambiwa unabadilishiwa, usidhani umehukumiwa.

Na kuzaa? Utazaa, inshaallah. Dawa hii haiuharibu mfuko wa uzazi, na wengi waliotibiwa nayo wamebeba mimba na kupata watoto wazima. Ila usibebe mpaka upite mwaka mmoja tangu sindano ya mwisho. Mimba mpya inapandisha homoni ileile tunayoivizia, na hapo hatutajua anayekuja ni mtoto au ni maradhi. Vidonge, sindano au vijiti vya uzazi wa mpango unaweza kutumia. Kitanzi ngoja mpaka homoni iwe ya kawaida, kisije kikatoboa mfuko. Ukija kubeba, fanya ultrasaundi mapema, kwa sababu mimba zabibu hujirudia kwa kiasi cha mmoja katika kila wanawake mia. Ukishajifungua, pima homoni tena baada ya wiki sita.

Mume wako msomee hapa mwenyewe. Mimba zabibu iliyo kamili hutokea yai la mama likiwa tupu, urithi wote ukatoka kwa baba. Simwambii hivyo ili alaumiwe, hakufanya kosa lolote. Namwambia ili mtaani wakianza kusema mke ana jini, awe na la kujibu.

Nauli ni tatizo la kweli, silidharau. Hospitali unayotibiwa muulizie afisa ustawi wa jamii kabla hujakata shauri la kurudi. Ikiwa ni Ocean Road, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari, wamezoea wagonjwa wa visiwani, usione haya kusema huna. Siku sita za mapumziko ukitaka kwenda kumuona mtoto, nenda, ila hakikisha damu imepimwa, na boti ya kurudi ujue ni ya siku gani, kaskazi isije ikakuzuilia bandarini Mkoani sindano ya Jumatatu ikapita.

Nunua daftari la skuli. Kila kipimo andika tarehe na namba, mwenyewe, kwa mkono wako. Ukifika chini ya 5 niandikie tena, na unambie umebakisha mizunguko mingapi.