Kuku wanaopotea Kibosho: maadui ni wawili

Ndugu yangu, umeeleza kwamba vifaranga wako wanapungua mchana bila kuacha hata unyoya, na kwamba juzi ulikuta kuku watatu wakubwa wameuawa bandani wakiwa na majeraha shingoni. Kwa maoni yangu hao ni maadui wawili tofauti.

Anayechukua vifaranga yaelekea ni mwewe, ambaye hunyakua na kuondoka naye mzima, ingawa nguchiro pia huwinda mchana na hapendi kuonekana. Usiwaachie vifaranga wazurure kabla ya kufikisha wiki nane hivi. Wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, uwape chakula na maji humo humo. Kivuli cha migomba huwakinga na mwewe, lakini nyasi ndefu zinazozunguka banda zifyekwe, kwa kuwa ndimo nguchiro anamojificha.

Wa usiku nadhani ni kanu au kicheche, na hapo tatizo ni banda lenyewe. Wavu mwembamba wa kawaida huwazuia kuku wasitoke, bali haumzuii mnyama mwenye njaa kuingia; tafuta wavu imara wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 12, ufukie ncha yake sentimita 30 ardhini, uzibe kila upenyo chini ya paa, na mlango ufungwe kabla giza halijaingia.

Nakusihi sana usitege sumu, hata kama uchungu ni mwingi, kwa sababu mbwa wa majirani na watoto hupita katika vihamba hivyo hivyo, yaani mashamba yanayozunguka nyumba.