Re: Maghorofa ya zamani ya serikali, lazima yabomolewe?

Hapana mkuu, si lazima. We umeuliza kama kuna sehemu wamekarabati flati za watu wa kipato cha chini bila kuwahamisha, basi kacheki Grand Parc kule Bordeaux, Ufaransa. Majengo matatu ya miaka ya 60, flati 530, watu walishaanza kusema yavunjwe, ila wale maakitekti Lacaton na Vassal na wenzao wakaja na akili nyingine kabisa: mbele ya jengo wakasimamisha nguzo na sakafu za zege zilizotengenezwa kiwandani, vidirisha vile vya zamani wakatoa wakaweka milango mikubwa ya vioo ya kusukuma, kila flati ikaongezewa kama kibaraza kipana hivi chenye kina cha karibu mita 4. Hicho kibaraza ndo kinakinga baridi, so hita haifanyi kazi sana. Bafu na waya za umeme mpya, lifti pia, na wapangaji wamo humohumo ndani! Kodi haikupanda. Hilo kwangu ndo kubwa kuliko hata tuzo ya Mies van der Rohe (ile tuzo kubwa ya usanifu majengo ya Ulaya) waliyopata 2019, maana ukimhamisha mpangaji mnyonge "kwa muda" mara nyingi harudi.