Umeandika Jina Kwenye Karatasi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kiboroloni, Moshi, kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimetunga nyimbo tano, nataka niishi kwa muziki. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye karatasi. Umeandika jina?

Mimi sikuandika. Nilitunga wimbo wa shukrani, nikaunakili kwa mkono kwa do-re-mi, sauti zote nne, usiku umeme umekatika. Mstari wa tatu nikawapa alto, yaani sauti ya pili, fa badala ya mi, huku sauti ya kwanza wako kwenye so. Zikasuguana vibaya! Mazoezini nikasahihisha kwa mdomo tu: "Jamani alto, hapo ni mi." Karatasi sikuigusa. Nikapiga fotokopi, kila mwalimu wa kwaya aliyeniomba nikampa, najiona mkarimu.

Miaka miwili baadaye nilialikwa harusini Arusha. Kwaya ikasimama, besi wakaingia, nikaweka kijiko chini. Wimbo wangu! Walipofika mstari wa tatu, alto wakaiimba ile fa kwa uaminifu kabisa. Nikamfuata mwalimu wao, nikaomba nota. Fotokopi ya fotokopi, mwandiko wangu uleule, na juu kwenye kona jina la mtu nisiyemjua, kwa kalamu nyekundu.

"Huyu ndiye mtunzi," akaniambia.

Nikanyamaza. Nikarudi mezani, pilau limepoa. Mpaka leo sijui kwa nini nilinyamaza.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaokimbilia kurekodi video wakati besi bado wanabahatisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoitunga, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Lakini ukibishana na mtu bila hata tarehe, utaonyesha nini? Andika jina. Andika tarehe. Mimi siku hizi naandika nota kwa MuseScore, programu ya bure, najitumia nakala kwa barua pepe, kisha napeleka COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Na jina andika kila ukurasa, maana ukurasa wa kwanza ndio hupotea.

Kuhusu kuishi kwa muziki: kwaya itakupa nauli na chai, basi. Kinachonilisha ni wanafunzi wa nyumbani. Namlaza mtu chali sakafuni, namwekea kitabu tumboni, namwambia avute pumzi mpaka kitabu kiinuke, mabega yasiinuke. Wengi siku ya kwanza hucheka, kitabu kikaanguka. Atakayevumilia mwezi mzima ndiye mwanafunzi. Na msione aibu kudai ada. Fundi cherehani haoni aibu.

Andika jina, nimesema.

Wewe wa Kiboroloni, njoo Jumamosi na nyimbo zako zote tano. Nitakuonyesha ile karatasi yangu ya kwanza. Ile fa bado ipo, na siku hizi siifuti ng'o.